Subiri Mpaka Saa Sita Mchana

Jumanne, tarehe 4 Machi

Baba mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na kile kikohozi, umekwenda kuonwa au bado unakitibu kwa maneno? Mimi mzima, ila viganja vimeota sugu kwa kupiga kafi. Huku kambini mtandao hakuna, ndiyo maana nakuandikia.

Baba, umeniaibisha. Nasema nikiwa nimetulia, usidhani nimepandwa na hasira. Siku ile upepo ulitugeuka tukiwa njiani, nikaamua tutue nyuma ya rasi, na simu ya setilaiti haikushika kwa sababu ya mlima. Kulipokucha nikapanda juu kukutumia ujumbe wetu wa "tumefika". Kabla sijabonyeza nikaona boti ya uokoaji inakuja na taa zote, na wageni wangu wamekaa na mitumbwi yao ya kayaki mchangani wanakunywa chai. Nahodha akaniuliza, "Kiongozi ni wewe? Na mzee wako huwa analia hivyo kila siku?" Wageni wakacheka. Mwenye kampuni hakucheka. Amesema ikitokea tena, msafara wa visiwa vya nje atampa mtu mwingine, na unajua nimeusubiri msafara huo miaka mingapi.

Ratiba yangu nakuachia wewe kwa sababu ofisini wakishafunga mlango na simu wanazima. Wewe hulali. Lakini safari hii nakuomba kitu kimoja. Ukiona jioni imepita kimya, usiwapigie waokoaji. Subiri mpaka saa sita mchana ya kesho yake. Ikifika hapo bado kimya, piga, na ulie utakavyo.

Wako,
Binti yako

*

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Mama,

Marahaba. Goti lipo palepale, na kikohozi kimeondoka chenyewe baada ya kuona hakihudumiwi. Wateja wangu wote hapa duka la kinyozi wanakusalimu. Unakula vizuri? Usinidanganye.

Kwanza, sikulia. Nilikuwa naongea kwa sauti. Pili, hukuaibika peke yako. Jua lilipozama nilikuwa nimefika katikati ya kichwa cha fundi cherehani wa jirani. Nikaitazama simu pale kwenye rafu ya poda, kimya. Nikaweka mashine chini nikawapigia waokoaji, na tangu hapo sikuiachia simu mpaka asubuhi. Yule bwana alikwenda kwake na nywele upande mmoja, na siku hizi mtaa mzima unamwita Nusu. Mkewe hanisalimii mpaka leo.

Tatu, hilo la saa sita mchana siliwezi. Mtoto wangu yuko majini, mimi nikae tu, kwani nangoja nguo zikauke? Tangu mama yako atutoke nimekulea kwa wasiwasi, na wasiwasi huo ndio uliokukuza. Haya, tusigombane. Nitasubiri mpaka alfajiri. Zaidi ya hapo usiniombe.

Wako,
Baba

*

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Baba mpenzi,

Shikamoo. Nimefurahi kikohozi kimekuhurumia. Mpe pole Nusu, na mkewe mwambie nitamletea zawadi. Nakula, tena sana.

Alfajiri haisaidii, baba. Nikishatua mahali simu haishiki, sipandi mlima gizani kutafuta mtandao. Kupanda huko ndiko ajali yenyewe. Ninapanda kukipambazuka, na mpaka saa sita nitakuwa nimefika juu hata kwa kutambaa. Ukipiga kabla, utawatoa waokoaji bure, na mimi kazi sina.

Na usidhani nakwenda ovyo ovyo. Mwendo wetu ni wa yule aliye taratibu kuliko wote. Mtu yeyote akisema "turudi", tunarudi na haulizwi kwa nini. Kila asubuhi nawapindua makusudi kwenye maji ya kina kifupi, mmoja mmoja, wajifunze kuokoana. Wanapiga kelele kama watoto.

Ninayemhofia ni mmoja tu, mwalimu wa hesabu. Anatetemeka kwa baridi ya maji ya huku mpaka meno yanagongana, ukimuuliza anasema, "Niko sawa, kiongozi." Anayesema amechoka najua la kumfanyia. Huyu sijui. Kwa hiyo namweka ubavuni kwangu muda wote.

Baba, ukikataa itabidi ratiba niiachie ofisi, na sitaki. Niahidi. Mara moja tu nisikilize.

Wako,
Binti yako

*

Jumanne, tarehe 18 Machi

Mama,

Marahaba. Mimi mzima, goti zima, kila kitu kizima isipokuwa moyo.

Haya, umeshinda. Nimeibandika ratiba yako kwenye kioo, mteja akijitazama anakuona na wewe. Nitasubiri mpaka saa sita mchana. Nimeahidi mbele ya Nusu, na amecheka mpaka karibu nimkate sikio.

Nenda salama. Huyo mwalimu mvalishe nguo za kutosha.

Wako,
Baba

*

Alhamisi, tarehe 27 Machi, kisiwani

Baba mpenzi,

Shikamoo. Naandika haraka, boti ya vyakula inaondoka na nimembembeleza nahodha wake akuwekee hii posta. Hujambo lakini? Sisi hatujambo, siku zote mbili bahari imetulia. Jumbe za "tumefika" umezipata, najua, maana hakuna boti iliyokuja kunitafuta!

Kesho ndiyo siku kubwa, tunavuka mkondo kwenda kisiwa cha mwisho. Utabiri wa hali ya hewa si mbaya. Wageni nimewasimulia habari ya Nusu, wamecheka mpaka machozi, hata mwalimu wa hesabu. Mmoja akasema angependa na yeye awe na baba wa namna hiyo. Nikamwambia huyu ni wangu, akatafute wake.

Asante kwa kunikubalia, baba. Najua imekugharimu. Nikirudi nitakaa kitini kwako, unioshe nywele kama zamani, nikupe habari zote.

Wako,
Binti yako

*

Jumapili, tarehe 6 Aprili

Mama,

Marahaba. Marahaba, mama. Barua yako ya kisiwani imenifikia jana. Tulikuwa tumekuzika Jumatano.

Umeniuliza kama sijambo. Goti haliumi tena, au linauma na sina habari nalo. Dukani sijafungua. Natoa kiti nje, nakaa, narudisha kiti ndani.

Nakuandikia kwa sababu siku zote ulikuwa ukinieleza, na safari hii nimeelezwa na watu wengine. Ijumaa ile jua lilizama na simu ilikuwa kwenye rafu ya poda, kimya. Duka lilikuwa limejaa. Nusu alikuwa kitini, ndiyo kwanza nimeanza. Akaitazama simu kwenye kioo, akanitazama na mimi, akasema, "Niache nusu tena, mzee. Piga." Wote wakasema piga. Nikawaambia mwanangu ana taratibu zake, hawa watu wa bahari wana taratibu zao, ninyi mnajua nini? Nikamaliza kichwa chake chote, nikampangusa shingo, nikampaka poda. Nilijivuna, mama. Nilijiona nimekua.

Nusu hakwenda kwake. Alikaa nami kwenye benchi mpaka kukakucha, na kila alipofungua mdomo nilimwambia anyamaze. Redio ya jirani iliposema saa sita mchana, nikapiga. Alipokea nahodha yuleyule, akanijua sauti. Akaniuliza, "Tangu lini, mzee?" Nikamwambia tangu jana jioni. Nilimsikia anapiga kelele kuwaita wenzake, simu kaiacha wazi.

Wageni wako walikutwa wote wako hai, juu ya mwamba. Hilo ulijue. Walikuwa wamerusha fataki zote za dharura, na upande ule hapakuwa na mtu wa kuziona. Wewe walikukuta jioni, mbali sana, umevaa jaketi lako la kuokolea na umejifunga kamba kwenye kayaki iliyojaa maji. Nilimlazimisha nahodha aniambie. Alikataa, nikamshika shati. Akasema baridi ndiyo iliyokuua, si maji, na kwamba uliishi mpaka asubuhi.

Juzi mwalimu wa hesabu alikuja dukani. Alisimama mlangoni, hakuweza kuingia. Akasema siku ile tangu asubuhi vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi, na ulimuuliza, na alikwambia yuko sawa. Upepo ulipogeuka katikati ya mkondo akapinduka. Ukamtoa. Akapinduka tena, ukamtoa tena, na mara hiyo mawimbi yakaijaza kayaki yako, simu ikiwa ndani. Ukamfunga yeye kwa kamba kwenye kayaki za wenzake, ukawaamuru waende mwambani wasigeuke nyuma, maana kukuvuta na wewe wangezama wote. Nilitaka nimchukie, mama. Alikuwa anatetemeka vilevile ulivyoandika. Nikampa kiti.

Ningeishia hapo, lakini aliniambia na jambo lingine. Alilitoa kama zawadi, maskini, alidhani litanifariji. Alisema mmoja wao alianza kulia kwamba hakuna atakayejua wako wapi. Wewe ukacheka, huko majini, ukawapigia kelele: "Msiogope! Baba yangu hawezi kusubiri mpaka mchana, namjua! Jua likizama tu, anapiga!"

Mama. Ulinijua. Maisha yangu yote nimekuwa vilevile ulivyonijua. Ulipokatazwa kitu ulikuwa ukilia, mimi nikikatazwa nilikuwa nafanya, hata mama yako alichoka. Mlangoni pa shule nilikungoja kila siku, ukaniambia usije, nikaja. Na usiku ule ulikuwa unatazama taa za boti zitokee, kwa sababu ulijua baba yako hasikii la mtu. Usiku ule ndio niliokusikia.

Barua hii nitaituma kambini, sina anwani yako nyingine. Nusu anasema nisijitese, eti nilitimiza ahadi. Nimemwambia aondoke.

Ningepiga, ungekuja umenuna. Kazi wangekunyima, usingesema nami mwaka mzima, ungepita nje ya duka hili umeangalia pembeni, na mimi ningekuona ukipita. Lakini nilitaka ukirudi uniambie, baba, safari hii umetulia.

Wako,
Baba