Vitambaa vya Buluu Bado Vibichi

Mpwa wangu,

Vitambaa vya buluu nilivyotia rangi jana viko kambani, bado vibichi. Usivichape mpaka vikauke kabisa, la sivyo wino utatambaa na maua yako yageuke madoa. Fremu ya kuchapia nimeiosha, maana wino ukikauka kwenye wavu vitundu huziba. Mumeo akumbuke kuvipiga pasi kwa nyuma vikishachapwa, ili wino ushike.

Asubuhi yule mteja alipouliza, "Huyu mzee ni nani?" ulimjibu bila hata kuinua macho, "Mgeni tu huyo." Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Mimi nina miezi hapa, mikono buluu hadi viwikoni, bado mgeni? Nilicheka, mteja naye akacheka. Nimezunguka miji mingi nikiitwa mgeni, nikaitika bila kinyongo. Ila hapa neno hilo limeniuma, kwa kuwa mama yako na mimi ni tumbo moja.

Natoka kunyoosha miguu. ~~Msinitafute.~~ ~~Huenda nikalala huko huko.~~ Nitarudi jioni. Msilale kabla sijafika. Nitagonga kama siku zote, maana ufunguo wa nyumba hii sijawahi kupewa.

Mjomba wako