Kikombe cha Dawa ya Mbuzi

Mjukuu wangu Sesilia,

Mwakeye! Sisi huku Busunzu tu wazima. Maharage yametoa maua, na yule mbuzi wako mweupe amezaa mapacha.

Umeniuliza kutoka chuoni kama dawa ya minyoo ya mbuzi inaweza kumfaa mtu. Nikakumbuka asubuhi moja ya ujana wangu, ukungu umejaa bondeni. Bwana mifugo alikuwa akiwanywesha mbuzi wetu dawa kwa chupa ya soda, nao wakiachiwa wanapotelea ukunguni kama wanaelea. Mama akakinga mabaki kwenye kikombe ampe dada yangu Neema, aliyekuwa amevimba tumbo kwa minyoo.

Bwana mifugo akakifunika kikombe kwa kiganja.

"Mama, dawa hii inamlegeza mnyoo mpaka anaachia utumbo, kama mtu aliyesinzia akaachia kamba. Mbuzi hadhuriki kwa sababu kipimo ni chake. Ukimpa mtoto hiki, atalegea yeye."

Tukampeleka Neema zahanati. Akapewa kidonge cha ukoo uleule wa dawa, ila kilichopimwa kwa mwili wa mtu. Tumbo likapungua.

Mpaka leo ukungu ukishuka nawaza mnyoo anasinzia gizani, anaachia taratibu. Halafu nakiona kile kiganja juu ya kikombe.

Bibi yako Neema amepita sasa hivi na kuni kichwani, anaimba. Anakusalimu. Naweka kalamu chini kwanza, nimsikilize.

Babu yako