Mjomba Ndani ya Fremu Nyeusi

Baraka, 3 Machi 2024

Mdogo wangu Guy,

Nakusalimu kutoka nyumbani. Uko mzima? Unakula chakula kinachoeleweka? Sisi tuko. Malaria ilinishika wiki iliyopita, imeniachia. Mwanangu Gentille anakusalimu, na ndiye anayepiga picha karatasi hii kwa simu yake ili kukutumia, kwa hiyo lolote nitakalosema juu yako yeye amelisoma.

Habari kubwa ni yake. Dieumerci, mtoto wa Baba Eugène wa karibu na soko la samaki, anataka kumwoa. Wakubwa wao wamekuja mara mbili. Mume wangu Bonaventure amekubali, nasi wote tumekubali. Limebaki neno lako. Mama alituzaa wawili tu, mimi yaya, dada mkubwa, na wewe, kwa hiyo mjomba wa Gentille ni wewe peke yako. Mbuzi wa mjomba, anayeletwa na wakwe, hapokelewi na jirani. Bila wewe kuishika kamba yake na kusema mbele ya watu kwamba umemtoa mtoto, hakuna ndoa.

Baba Eugène aliniuliza unafanya kazi gani. Nikamwambia unazunguka dunia na kupiga picha, kisha watu wa magazeti wanazinunua. Akafikiri kidogo, akauliza, “Anazunguka, alipoteza nini?” Nilimwongezea chai.

Niambie utakuja lini.

Yaya yako,
Anastasie


Tbilisi, 29 Machi 2024

Yaya wangu mpendwa,

Pole na malaria. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila miguu imechoka. Niko Georgia, nchi ya milima na makanisa ya mawe. Asubuhi theluji inakuwa na rangi ya waridi kwa dakika chache, na mtu asipokuwa pale juu na kamera yake amekosa.

Nimefurahi sana juu ya Gentille. Nilipoondoka alikuwa bado anang’oka meno. Mwambie Dieumerci ana bahati. Wekeni tarehe mwezi wa sita, nitakuwa nimemaliza huku. Kwangu hilo ni ndiyo.

Nakutumia picha ya mzee mmoja na kondoo wake. Tazama mikono yake.

Mdogo wako,
Guy


Baraka, 12 Mei 2024

Guy,

Hujambo? Sisi hatujambo, ingawa ziwa limepanda mpaka kwenye nyumba za watu wa chini na njia ya Uvira imekatika mahali fulani. Kwetu maji hayajafika.

Mikono ya mzee nimeitazama. Ni mikono. Hapa Baraka pia watu wanayo.

Tarehe ni Jumamosi, 22 Juni. Bonaventure amewaandikia ndugu zake wa Kilembwe, nao wamesema watateremka. Mama mdogo Aline atatoka Makobola. Kila anayepita hapa ananiuliza kama mjomba atakuja, nami nasema atakuja, na ninaposema hivyo Gentille ananitazama usoni. Usinifanye mwongo mbele ya mtoto wangu.

Yaya yako,
Anastasie


Ulaanbaatar, 2 Juni 2024

Yaya,

Nakusalimu sana, na shemeji Bonaventure, na bibi arusi wetu. Natumaini maji yamepungua.

Tafadhali soma mpaka mwisho kabla ya kukasirika. Niko Mongolia. Kuna familia ya wafugaji ambao nimewatafuta kwa miaka, wamekubali niende nao milimani mpaka sikukuu yao ya mbio za farasi. Nikiwaacha sasa hawatanipokea tena. Yaya, kazi hii haina likizo, ndiyo maana hata nyumba sina.

Lakini nimepata njia. Rafiki yangu mwenye studio ya picha Uvira amechapa picha yangu kubwa, ya uso, nyeusi na nyeupe, ndiyo nzuri kuliko zote nilizowahi kupigwa. Ameitia kwenye fremu nyeusi yenye heshima. Itafika kwa boti. Iweke mahali pangu, na shemeji ashike kamba ya mbuzi kwa niaba yangu. Nimeandika neno langu nyuma ya fremu, lisomwe. Siku hizi watu hata kesi wanazisikiliza kwa simu.

Mdogo wako anayewapenda,
Guy


Baraka, 25 Juni 2024

Guy,

Siulizi hali yako. Huku watu wanasema umekufa.

Picha ilifika Ijumaa. Nilisema hapana, Bonaventure akasema tujaribu, ni afadhali kuliko kiti kitupu. Jumamosi asubuhi nikatandika meza uani kwa kitambaa cheupe, nikaweka picha yako juu, na maua pembeni, kwa sababu ilikuwa siku ya sherehe. Kisha nikaenda sokoni kutafuta samaki. Gentille alikuwa kwa wasuka nywele, Bonaventure amekwenda kuazima viti.

Wewe mpiga picha wa dunia nzima, hukujua sura nyeusi na nyeupe ndani ya fremu nyeusi, juu ya meza uani, kwetu maana yake ni nini?

Niliporudi nilisikia kilio kutoka njiani. Nilidhani Bonaventure ameanguka, nikaacha samaki chini nikakimbia. Nikakuta bamama wa kanisa wamekaa chini na vitambaa kichwani. Mama mdogo Aline alikuwa ameshuka tu kutoka boti, hakumuuliza mtu, alipoiona picha alijitupa chini. Nikasema huyu ni mzima, yuko Mongolia. Mmoja akanishika mkono akasema, “Pole, mama. Maiti itakuya siku gani?”

Na wakati huohuo wakwe wakaingia, wamevaa vizuri, na mbuzi wao, na ngoma. Wakaziweka ngoma chini. Tulikupigia simu ya video mara nyingi, ulikuwa milimani, hakuna kitu. Neno lako la nyuma ya fremu Bonaventure alilisoma, likawafanya walie zaidi. Baba Eugène hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliinuka taratibu akasema, “Hatuwezi kuchukua bibi mu nyumba ya kilio. Ule mujomba akuye, tumushike mukono.” Wakaondoka na mbuzi wao.

Gentille alizifumua nywele zake peke yake chumbani. Tangu siku hiyo anakula kidogo sana. Nasikia ndugu za Dieumerci wameanza kumtajia msichana mwingine. Mimi nimechoka nawe, Guy. Nakwambia bila kuzungusha.

Anastasie


Milimani, Mongolia, 9 Julai 2024

Yaya,

Nimepata mtandao leo tu. Habari za huko? Mimi ni mzima, kama unavyoona.

Nisamehe, nilicheka mpaka wafugaji wakaniuliza kuna nini. Angalau sasa najua nani atanililia. Hakuna aliyepiga hata picha moja ya matanga yangu? Nitawapigia wakwe simu, nitawaeleza, mambo yatanyooka.

Guy


Ulaanbaatar, 30 Julai 2024

Yaya,

Salamu. Kwa nini hunijibu? Naona barua yangu imesomwa. Nimempigia Gentille, hapokei. Nimempigia Baba Eugène. Alinisikiliza vizuri kabisa, kisha akaniambia sauti hata marehemu wanaziacha ndani ya simu.

Sikuwa na haki ya kucheka. Niandikie hata kunitukana.

Mdogo wako,
Guy


Makobola, 20 Agosti 2024

Yaya,

Shikamoo. Ni mimi, niko kwa mama mdogo Aline. Nakuandikia mapema ili usishtuke utakaponiona. Yeye nilimshtua. Alinigusa uso, akanipiga kofi, kisha akaenda kunipikia ugali. Watoto wa hapa wananizunguka kuona kama nina kivuli.

Niliondoka kabla ya sikukuu, farasi sikuwaona wakikimbia. Mlivyonyamaza, wewe na Gentille, kila nilipoinua kamera niliona uzito mkononi.

Nitasema jambo moja kwa karatasi kwa sababu kwa mdomo nitashindwa. Tangu mama azikwe bila mimi, naogopa ule ua wa nyumbani. Nilikuwa natafuta sababu, na dunia ni kubwa, sababu hazikosekani. Kesho naingia. Nipokee.

Mdogo wako,
Guy


Mpulungu, Zambia, 12 Septemba 2024

Yaya wangu,

Mko wazima? Bibi arusi anaendeleaje kwa mumewe? Mimi ni mzima, nimefuata ziwa letu mpaka mwisho wake wa kusini.

Nakutumia picha za harusi, ziko nyingi. Nimezipitia zote, ni nzuri, mwanga ulikuwa mzuri. Lakini ninayoirudia kila mara ni ile uliyopiga wewe. Umenikata utosi, na kidole chako kimeziba pembe ya picha. Hakuna gazeti litakaloinunua. Niambie zipi nichapishe, rafiki yangu wa Uvira atakuletea.

Mdogo wako,
Guy


Baraka, 20 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Tuko wazima, na ziwa limeanza kurudi mahali pake. Gentille ananenepa. Karatasi hii anaipiga picha Dieumerci, naye anakusalimu kwa heshima kubwa kuliko unavyostahili.

Usidhani nimesahau. Umetoka Mongolia mpaka Baraka kwa ajili ya neno moja, wakwe wamekushika mkono na kurudi na mbuzi wao, na siku yenyewe Baba Eugène alipoinuka kuuliza, “Mujomba iko wapi?” sauti yako ikatoka juu ya paa la jikoni, “Niko huku, muendelee tu.” Watu walicheka, mimi sikucheka. Nilipokuvuta suruali ushuke nilikuwa tayari kuichana. Kamera niliichukua kwa sababu bila hivyo ungeshika kamba kwa mkono mmoja. Ukakaa. Ukasema umemtoa mtoto, na sauti yako ilikuwa ya mama kabisa, nikabonyeza nisijue nabonyeza nini.

Chapisha hiyo, nyingine mpe Gentille. Fremu ninayo, ileile uliyoileta. Nimeipaka rangi ya kijani iliyobaki tulipopaka mlango, na mtu yeyote atakayeingia ataona mjomba mzima asiye na utosi, na mbuzi anayetazama kamera vizuri kuliko yeye.

Ile picha nyeusi na nyeupe sikuitupa. Ni nzuri kweli, hilo nalikubali. Nimeizungushia kitambaa nikaiweka chini ya sanduku la mama. Ina siku yake. Mimi ndiye mkubwa, Guy, wa kutangulia ni mimi, kwa hiyo tembea unavyotaka, lakini nisiwe mimi wa kuitoa.

Yaya yako,
Anastasie