Mtego Uliouhamisha Kila Asubuhi

Mama Riziki,

Sikuandikii kwa upole. Tangu tukuzike, panya wameitawala nyumba hii ya kambini Nakivale, na sehemu ya lawama ni yako.

Juzi mimi na wajukuu tulifungua sanduku lako. Panya alikuwa amekitafuna kitenge chako cha ibada, kile cha manjano, akatengeneza kiota na kuzaa humo. Vitoto vyekundu, bila manyoya, macho yamefumba. Neema akasema, "Babu, tubifuge, biko bizuri!" Nikavitoa nje nikaviua. Neema hajanisemesha tangu hapo.

Niliwakalisha wote nikawaeleza tabia za adui yetu. Meno ya mbele ya panya hayaachi kukua, ndiyo maana hatulii bila kutafuna. Tundu likipitisha kichwa chake, mwili nao hupita. Haoni vizuri; huijua njia kwa ndevu na kwa harufu, akiambaa ukutani. Na kitu kipya kwenye njia yake hukiogopa siku kadhaa.

Hilo la mwisho nilikwambia mara ngapi? Nilinunua mtego Mbarara, nikauweka kando ya ukuta. Wewe kila asubuhi ulifagia, ukauosha, ukauhamisha. "Miye siwezi kukaa na uchafu mu nyumba, Mwalimu. Ufundishe panya wako!" Ukacheka. Kwa panya, kila siku mtego ule ulikuwa mgeni. Hatukukamata hata mmoja.

Wiki hii nimelikung'uta gunia la mbegu, maharage tuliyobeba kutoka kwetu Uvira, Kongo, ambayo huku hayapatikani. Maganda na mavi matupu. Na mvua iko karibu. Nilikugombeza, Mama Riziki. Peke yangu, kwa sauti.

Kisha, nikitafuta sindano ya kushonea kitenge, chini kabisa ya sanduku nikakuta kopo la bati la maziwa ya unga. Mfuniko umekaza. Pembeni kuna mikwaruzo ya meno, hayakupenya. Ndani, maharage yaliyochanganywa na majivu, vile vile nilivyokueleza mbegu zinavyotunzwa, siku ile uliyoniambia ninyamaze.

Kumbe ulisikia. Mbona hukusema? Umeniacha nigombe miaka yote hiyo!

Hasira haijaisha. Mtego sasa hauhami, umekamata watatu, na sitauosha.

Pumzika, mke wangu. Mvua ikinyesha nitayapanda maharage yako nyuma ya jiko pamoja na Neema, akikubali kusema nami. Nitamwambia ni nani aliyeyaficha.

Mwalimu wako