Marahaba ya Fundi Tairi

Shangazi yangu wa Mikumi,

Shikamoo. Najua utakawia kuitikia, ndiyo kawaida yako. Nasubiri.

Kwanza habari zangu: barabara hii yote hakuna mwenye bahati kama mimi. Nimezaliwa na nyota kali. Popote nikitia mguu, watu wananipenda siku hiyohiyo. Tunduma walinipenda, Lubumbashi walinipenda mpaka wakataka kunioza, na Mikumi ndiyo usiseme. Shule niliiacha darasa la sita, lakini malori ya watu nimeyaendesha nchi tatu, na kila kituo kuna anayeniita kaka. Bahati hiyo mtu hafundishwi.

Unacheka. Cheka tu.

Jana nilikula kibandani kwako. Siku hizi anapika binti yako, na maharage yake bado hayajayafikia yako, ila usimwambie. Fundi tairi akaja kukaa nami, tukakutaja, ikarudi ile siku yangu ya kwanza Mikumi.

Nilishuka kwenye fuso la vitunguu kutoka Kilosa, nimevaa koti la mvua juani kwa sababu shati lilikuwa limechanika, macho mekundu kwa vumbi. Dereva mmoja akapiga kelele kwamba simu yake haipo. Mama muuza karanga akasema, "Mwangalieni yule, macho yale si ya mtu mzuri." Hakuna aliyeniona nikigusa kitu. Lakini wa pili akasema nilikuwa nazungukazunguka, wa tatu akasema nimezunguka sana, na wa nne alikuwa ameshaniona nikiiba Kidodi. Kidodi sikuwa nimefika hata kwa ndoto! Fundi tairi akaja na spana yake ya magurudumu.

Ndipo ukatoka jikoni, mwiko mkononi.

"Wewe mtoto! Umeshuka muda wote huo, shangazi yako hujamwona? Heshima umeiacha Kilosa?"

"Mama, unamjua huyu?" fundi akauliza.

"Mtoto wa kaka yangu nisimjue? Hebu nisalimie, mshenzi wewe!"

Nikatoa shikamoo kwa sauti ya mbuzi. Ukaninyima marahaba. "Kwanza wasalimie wakubwa zako hawa, mmoja mmoja."

Nikaanza na fundi, maana spana ilikuwa karibu. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Mdomo ulijibu kabla hasira haijauzuia. Na mtu ukishamwitikia marahaba, unampigaje? Spana ikashuka. Mama karanga naye, "Marahaba, mwanangu." Walewale waliofuatana kunichukia wakafuatana kuniitikia, mpaka mmoja akasema sura yangu ni ya ukoo wenu kabisa. Simu ilipookotwa chini ya kiti cha lori, mimi nilikuwa kwenye ugali wako.

Ukaniinamia, ukanong'ona, "Haya, mwanangu, unaitwa nani?"

Nikakuuliza ulijuaje kuwa mimi si mwizi.

"Sikujua. Ila na wao hawakujua."

Shangazi, neno hilo natembea nalo. Watu wakimzunguka mtu kwa maneno, ulimi unaniwasha nami niongeze langu, maana kusema pamoja na wenzako kuna utamu wake. Ndipo nasikia mwiko wako. Naenda kumsalimia mtu yule mbele yao.

Baba yangu hana dada hata mmoja, unajua. Lakini siku tuliyokuzika, fundi ndiye aliyenisogeza mbele: "Mpisheni, huyu ni mtoto wa kaka wa marehemu." Jana nikaona nimtobolee ukweli. Akacheka mpaka chai ikamwagika.

"Ukweli gani, wewe? Kaka zake wote nawajua. Nilijua siku ileile. Lakini nilikuwa nimeshaitikia, ningefanyaje?"

Asante, shangazi. Asante kwa mwiko, kwa ugali, kwa ukoo.

Na lile la nyota kali ni uongo mtupu. Siku niliyotia mguu Mikumi, watu walitaka kuniua. Kila mji ninakopendwa naanza kwa kusalimia wakubwa mmoja mmoja, kama ulivyonilazimisha. Bahati sina, na sijawahi kuwa nayo.

Ni mimi,
mtoto wa kaka yako.