Nyayo Kwenye Vumbi la Saruji

Machi 3

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo wewe, shemeji na watoto? Mimi mzima, ila mgongo. Miaka sita ya kubeba mifuko ya saruji ghalani si mchezo.

Jana tuliona damu kwenye vumbi sakafuni: nyayo za mguu mmoja tu, wa kulia. Tukazifuata ili tumjue aliyeumia, mimi nikiwa mbele. Mara mwenzangu aliyekuwa nyuma akaniita, "Simama hapo hapo. Zinaongezeka."

Nikainua mguu. Msumari ulikuwa umetoboa kiatu na kuzama wote. Dada, sikuwa nimesikia kitu.

Mdogo wako.

Machi 9

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi hatujambo, ila barua yako imenikosesha raha.

Baba hakuanguka ngazini kama ulivyoambiwa utotoni. Alibeba magunia hadi siku aliyorudi nyumbani na kiatu kimoja, hajui kingine kimemvuka wapi. Hata mwezi haukuisha, akawa hawezi kusimama tena. Mama alituapisha tusikwambie.

Nenda hospitali leo. Acha ubishi.

Dada yako.

Aprili 2

Dada,

Shikamoo. Poleni na kazi. Nimekwenda, usinigombeze kwa kuchelewa.

Daktari aliniambia nifumbe macho, atanichoma sindano mguuni. Nikamwambia, "Niko tayari, anza."

Akasema, "Nimeshakuchoma mara saba."

Mishipa ya fahamu imebanwa mgongoni. Nikiendelea kubeba, huenda mguu usirudi. Lakini msimamizi ameniomba nimalizie wiki hii, mzigo ni mwingi. Nimemkubalia. Wiki moja tu, dada.

Mdogo wako.

Aprili 23

Mdogo wangu,

Hujambo? Mbona kimya? Kama umenikasirikia, andika hata mstari mmoja wa kunitukana. Mama yuko hapa kwangu, anauliza nachungulia nini dirishani.

Dada yako.

Mei 17

Dada yangu,

Shikamoo, na unisamehe. Mnaendeleaje huko?

Siku ya nne ya wiki ile niliinama kuinua mfuko. Sikusikia nikianguka, nilishtukia tu naangalia dari, miguu yote miwili imekufa ganzi. Nimepasuliwa mgongo. Mguu wa kushoto umerudi. Wa kulia, daktari hasemi ndiyo wala hapana. Mzigo sitabeba tena maishani. Mwambie mama ukweli wote kunihusu, nasi tumalize hizi siri.

Asubuhi hii sisimizi alinipanda mguu wa kulia. Nilimsikia kwenye kidole gumba! Nikapiga kelele hadi muuguzi akaja mbio. Kisha nikaacha kumsikia. Tukabaki tunamtazama sote wawili, anapanda taratibu kuelekea gotini.

Mdogo wako.