Ramadhani Isiyo na Siku ya Kulipa

Jumanne, baada ya Isha

"Bi Zuhura, huna wazimu wala jini. Hedhi inakoma, na hofu hii inatibika." Kasema daktari leo asubuhi, na nimeandika kama alivyosema.

Maana nilikuwa nimeshaamua kuacha redio. Wiki iliyopita nililia studio, dakika chache kabla ya taarifa ya habari, kwa hofu isiyo na sababu. Mimi, niliyeripoti misiba kwa macho makavu.

Nyumbani Michenzani nilimkuta dada Mwanaidi kaniwekea kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani na kuoshwa kwa maji.

"Kunywa, umehusudiwa. Mtangazaji gani anagombana na feni, eti haimpoozi?"

Nikacheka, nikanywa. Kisha nikamwambia aliyoyasema daktari.

"Kumbe ndiyo maana ulifunga Ramadhani nzima, huna hata siku ya hedhi ya kulipa!" Halafu akainamisha kichwa. "Yangu ilipokoma nililia mwaka mzima. Nikijifungia chooni, nafungulia mfereji wa maji msinisikie."

Nyumba moja, na sikujua.

Siachi kazi. Alhamisi saa tatu nina miadi na mshauri nasaha. Mwanaidi anakuja; anataka na yeye aingie, aseme yake.